Intaneti ya setilaiti kwenye ndege ndogo: kuiweka bila kuvuruga redio wala dira

Kwa miaka mingi intaneti angani ilikuwa ya ndege za abiria na jeti za wenye nazo. Siku hizi antena kama Starlink Mini, iliyoingia sokoni mwaka 2024, inaenea kwenye mkoba wa kompyuta: upana unaozidi kidogo karatasi ya A4, unene wa takribani sentimita nne, uzito wa kilo moja na ushei, na waifai yake imo humo humo ndani. Swali ninaloulizwa sana ni kama itashika mtandao ndege ikiwa hewani. Itashika. Ukiipa anga ya kutosha, inashika vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Shida huja kwenye umeme unaoilisha, mahali ilipokaa, na rubani asiyeweza kuiacha simu. Kwa hiyo usishangae ukiona hatua ya umeme ni ndefu na ya mtandao wenyewe ni fupi.

Hatua ya 1: Malizana na sheria na kifurushi

Kisheria, kifaa ulichobeba si sawa na kifaa ulichofunga. Antena iliyoshikiliwa kwa vikombe vya mpira kwenye kioo na kuchomekwa kwenye soketi ni kifaa cha kubeba, sawa na kishikwambi chako. Ukitoboa bati, ukipiga skrubu au ukiunga waya wake kwenye mfumo wa ndege, umeifanyia ndege mabadiliko, na hapo unahitaji fundi mwenye leseni na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kuibandika nje ya bodi usifikirie kabisa.

Hata kifaa cha kubeba kina masharti. Chukua mfano wa kanuni ya Marekani, 14 CFR 91.21: kwenye ndege inayoruka kwa kanuni za vyombo (si kwa kuona nje), kifaa cha namna hii kinaruhusiwa pale tu inapothibitika kwamba hakiingilii mifumo ya mawasiliano na uongozaji, na kwa ndege binafsi uthibitisho huo anaweza kuutoa rubani mwenyewe. Maana yake jaribio la hatua ya 5 ni wajibu wako. Soma kanuni ya nchi ambako ndege imesajiliwa na ya nchi utakazopita, kwa sababu zipo nchi ambazo hazijaruhusu huduma hii, na kuingia na antena bila kibali kunaweza kukuletea kesi uwanjani.

Kisha kifurushi. Vifurushi vya wasafiri huwa na kikomo cha mwendo, na ukikivuka huduma inakatwa hata kama setilaiti zote zinakuona. Cessna 172 husafiri kwa takribani noti 120, yaani kilomita 220 hivi kwa saa, mwendo ambao vifurushi vya watu wa magari havikuukusudia. Kumbuka pia kwamba antena inapima mwendo wako juu ya ardhi. Upepo wa kukusukuma kutoka nyuma unaweza kukuvusha kikomo ambacho mshale wa mwendo hewani haujakaribia. Soma masharti ya sasa, si ya mwaka jana, maana hubadilika.

Hatua ya 2: Iandae ukiwa nyumbani

Iwashe uwanjani au juu ya paa siku mbili tatu kabla ya safari, iache ijisasishe, uipe jina na nywila ya waifai. Zima kipengele cha kuyeyusha theluji. Huna theluji ndani ya ndege, na hicho kinakula umeme na kuongeza joto bure. Kwenye simu na vishikwambi vya watakaosafiri, zima masasisho ya kujiendesha na upakiaji wa picha, la sivyo data uliyonunua kwa ajili ya hali ya hewa itaishia kwenye video za harusi ya jirani.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kuikalisha

Antena hii inaona anga kwa upana wa nyuzi 110, kama faneli iliyoelekea juu. Uso wake ukitazama juu bila kizuizi, inafanya kazi. Bodi ya alumini inazuia mawimbi yake kabisa. Nyuzi za kaboni pia zinazuia. Nyuzi za kioo hupitisha, ila ndege nyingi za aina hiyo zina wavu mwembamba wa chuma wa kujikinga na radi, na wavu huo unapunguza nguvu. Vioo vya mbele vyenye utando wa metali wa kupasha joto huwahangaisha sana wasiojua kuwa wanao: kioo kinaonekana safi kabisa, lakini kwa antena ni ukuta.

Kwenye ndege ya mabawa juu kama Cessna 172, bawa lenyewe linafunika sehemu kubwa ya anga, kwa hiyo dirisha la nyuma, juu ya sehemu ya mizigo, ndilo bora. Kwenye ndege ya mabawa chini kama Piper PA-28 una uhuru zaidi, na madirisha ya nyuma hutosha. Kwenye DA40 na nyingine zenye kifuniko kikubwa cha kioo, karibu popote panafaa.

Wengi huiweka juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Inaona anga vizuri, kweli, lakini mimi pale sipapendi. Inaakisi mwanga kwenye kioo na kukuzibia sehemu ya mbele, ipo jirani na dira ya sumaku, na jua linaichoma. Watengenezaji wanaikadiria hadi nyuzi joto 50, na juu ya dashibodi ya ndege iliyoegeshwa juani kiwango hicho kinapitwa mapema. Ikizidiwa na joto inapunguza kasi, kisha inajizima. Ukigusa mgongo wake mkono ukashindwa kutulia, ihamishe.

Popote utakapoiweka, ifunge kana kwamba ndege itagonga kitu. Kilo moja ya kitu kigumu nyuma ya vichwa vya watu haishikiliwi kwa mpira wa kioo peke yake, kwa sababu mpira huachia kwenye baridi na kwenye mtikisiko. Weka velkro ya viwandani, kisha mkanda wa pili unaoishikiza kwenye sehemu imara ya kufungia mizigo. Uso uelekee juu, usielekee abiria. Na usizibe mlango wala dirisha la kutokea.

Hatua ya 4: Umeme

Kwa wastani Starlink Mini hutumia wati 25 hadi 40, na kiingizo chake cha umeme kinapokea volti 12 hadi 48 kwa kiwango cha wati 60. Kwenye ndege ya volti 14, wati 40 ni karibu ampea 3, na wati 60 ni ampea 4.3. Kwenye ndege ya volti 28 gawa kwa mbili. Tazama namba iliyoandikwa kwenye swichi ya kukata umeme ya soketi yako kabla hujachomeka chochote. Soketi ya ampea 5 ambayo tayari inalisha vishikwambi viwili haina nafasi ya antena.

Kuna njia tatu za kuilisha. Ya kwanza ni waya wa moja kwa moja kutoka soketi ya sigara hadi kiingizo cha antena. Volti 14 na 28 zote zimo ndani ya uwezo wake, na kwa kuwa hapo katikati hakuna kibadilishaji umeme cha ziada, kelele hupungua. Tumia waya mfupi na mnene. Ule wa mita 15 unaokuja kwenye boksi ni wa bustanini, na kwenye ndege utakuwa na fundo la waya miguuni pa abiria.

Ya pili ni chaja ya USB-C. Hapa lazima iwe ya wati 100 kwenye tundu moja, yaani volti 20 kwa ampea 5. Chaja iliyoandikwa wati 100 lakini ikazigawa kwa matundu mawili itaiwasha antena, kisha antena itazima na kuwaka tena kila inapohitaji nguvu zaidi, na wewe utadhani ni mtandao. Chaja hizi ndizo chanzo kikuu cha fujo kwenye redio. Ndani yake kuna saketi inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na chaja ya bei rahisi humwaga kelele hadi kwenye masafa ya VHF ya anga, megahezi 118 hadi 137. Antena yenyewe inarusha kwenye gigahezi 14 na kupokea kwenye gigahezi 11 hivi, mbali kabisa na redio zako. Kwa hiyo ukisikia mlio redioni, mshuku chaja kwanza. Pete ya feraiti kwenye kebo, karibu na chaja, husaidia. Chaja bora husaidia zaidi.

Ya tatu, ninayoipendelea kwa ndege ya kukodi, ni pawabenki. Haigusi umeme wa ndege kabisa, na altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ikifa hakuna cha kufikiria. Ya wati-saa 100 itaendesha antena saa mbili hadi tatu, ukitoa kinachopotea njiani, mradi nayo itoe wati 100 kwenye tundu moja. Lakini ni lithiamu. Isikae juani, isibanwe chini ya mizigo, iwe mahali ambapo mkono wa mtu unafika, na mfuko wa kuzuia moto uwe karibu. Pawabenki iliyovimba usipande nayo.

Ukitumia umeme wa ndege, andika antena kwenye orodha yako ya vitu vya kuzima altaneta inapokufa, tena juu kabisa. Na usiichomeke kabla injini haijawaka, kwa sababu volti huyumba vibaya stata inapozunguka.

Hatua ya 5: Ijaribu ardhini kabla ya kuiamini

Toa ndege nje ya banda, maana bati la banda linazuia setilaiti. Washa injini, washa redio, na ufungue kizuia-kelele ili usikie ule mvumo mtupu. Mwambie aliyeketi pembeni achomeke antena bila kukwambia ni sekunde gani. Mvumo ukigeuka kuwa mlio au mnguruko, umempata mchawi. Rudia kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu, na hasa masafa ya mnara na ya uwanja wako. Subiri antena imalize kujiunga kisha usikilize tena huku mtu akipakua faili kubwa, kwa sababu kelele ya chaja hubadilika mzigo unapoongezeka.

Halafu angalia nguvu ya setilaiti kwenye GPS, mishale ya VOR na ILS (redio za kuongozea njia na kutua) kama unapokea kituo, na dira ya sumaku. Dira itazame antena ikizimwa na kuwashwa, kisha antena isogezwe karibu na mbali. Ikicheza hata nyuzi chache, sogeza antena au waya. Jaribio hilo hilo lifanye hewani siku ya anga safi, mwendo wa kuona nje, kabla hujaenda nayo mawinguni. Matokeo yaandike na uyaweke kwenye karatasi za ndege.

Hatua ya 6: Ukiwa hewani

Iwashe kabla ya kuondoka kwenye maegesho, kisha iache. Kuanzia magurudumu yanapoanza kuzunguka hadi ndege itulie kwenye kimo cha safari, na tena kuanzia unapoanza kushuka, hakuna anayeigusa. Ikikatika, imekatika. Ukiinamisha bawa kwa kona kali, mtandao unaweza kupotea kidogo kisha ukarudi wenyewe, usianze kuuwasha upya.

Simu ziwe kwenye hali ya ndegeni, halafu waifai iwashwe. Huwezi kusema umeziacha wazi kwa sababu una intaneti: Marekani, kwa mfano, inakataza simu za mtandao wa minara kutumika hewani, na simu inayotafuta minara kutoka juu huisha chaji upesi.

Kuna kero moja ambayo wauzaji hawaitaji. Vipokezi vingi vya kubeba vya ADS-B, vile vinavyokuonyesha ndege nyingine, hutengeneza waifai yao wenyewe, na kishikwambi hujiunga na waifai moja tu kwa wakati mmoja. Ukikiunganisha na antena, unaweza kupoteza ndege za jirani kwenye ramani bila kutambua. Gawa kazi: kishikwambi cha rubani kibaki na kipokezi, simu au kishikwambi cha pili kichukue intaneti.

Hatua ya 7: Hali ya hewa

Hii ndiyo sababu nzuri ya kuwa na intaneti hewani: kusoma METAR na TAF (ripoti na utabiri wa hali ya hewa wa viwanja) za unakokwenda, kuona picha za setilaiti kule ambako rada ya ardhini haifiki, kubadili mpango saa nzima kabla ya wingu. Lakini picha ina umri. Mwaka 2012 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliwatahadharisha marubani kwamba picha ya rada iliyounganishwa kutoka vituo vingi inaweza kuwa imechakaa kwa dakika 15 hadi 20 zaidi ya umri ulioandikwa kwenye skrini. Intaneti yenye kasi haiondoi ucheleweshaji huo, kwa sababu unatokea kabla picha haijakufikia. Kwa noti 120, ndani ya dakika 20 umeshakwenda kilomita 74, na wingu la radi nalo halikukusubiri. Tumia picha kuamua upande upi wa kuzungukia, kwa mbali. Usiitumie kutafuta upenyo kati ya mawingu mawili.

Vilevile usiache nyumbani vifaa vya dharura kwa sababu una antena hii. Kitoa ishara cha 406 megahezi na kifaa kidogo cha ujumbe wa setilaiti vina betri zao na havihitaji dirisha la nyuma wala soketi. Ndege ikiwa imelala ubavu porini, antena ya intaneti huenda inatazama udongo.

Hatua ya 8: Baada ya kutua

Chomoa kabla ya kuzima injini, acha ipoe, kisha iondoe ndani ya ndege. Joto la banda na jua la kioo vitaichosha, na kisahani cheupe kinachoonekana dirishani kinawavutia wezi. Vikombe vya mpira vioshe kwa maji na uvihifadhi mbali na vumbi. Velkro iliyoanza kulegea ibadilishe kabla ya safari ijayo.