Kuuza sungura kwa wanunuzi wanaojali mazingira: anzia chini ya kizimba

Wafugaji wengi huanza na lebo ya kijani yenye picha ya jani. Mnunuzi makini atataka kuona banda, na pua yake ndiyo itakayoamua. Kwa hiyo anza na mkojo.

Chini ya sakafu ya wavu weka trei ya plastiki iliyoinama kuelekea kona moja, na kwenye kona hiyo bomba linaloshuka hadi kwenye dumu. Epuka bati, kwani mkojo hulila upesi. Kwenye mdomo wa bomba weka kichujio cha kuzuia manyoya na vinyesi, ukisafishe kila siku. Kikiziba, mkojo hutuama pamoja na kinyesi, gesi kali ya amonia inapanda, na sungura wanaanza kupiga chafya. Kipimo ni rahisi: inama hadi usawa wa pua ya sungura. Macho yakikuwasha, wao wamo humo usiku kucha.

Sungura mzima wa kilo 3 hutoa robo hadi nusu lita ya mkojo kwa siku, ingawa hutakusanya wote. Kinyesi kianike kivulini, kipakie kwenye magunia yaliyokwisha kutumika, kiuze kama samadi. Mkojo utie kwenye chupa imara zilizooshwa. Usitumie kamwe chupa iliyowahi kubeba dawa ya wadudu, na ile iliyokuwa ya maji ya kunywa ibandike lebo kubwa isiyobanduka, maana mtoto anaweza kuudhani mkojo kuwa kinywaji. Iandike hivi:

*Mkojo wa sungura, haujachanganywa. Umekusanywa tarehe … Changanya lita 1 na maji lita 10, mwagia udongoni. Jaribu miche michache kwanza. Usinyunyizie mboga zinazoliwa mbichi.*

Ukiacha kipimo, mteja ataumwaga kama ulivyo, majani yataungua, na lawama utabeba wewe.

Sasa maneno ya kujinadi. "Ogani", yaani mazao ya kilimo hai, usiliandike bila cheti. "Haina kemikali" halina maana yoyote, na huwa linamwingiza mfugaji mtegoni siku anapotibu koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo na ini. Kila kizimba kiwe na kadi: tarehe ya kuzaliwa, chakula, dawa, siku ya dozi ya mwisho, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja kama zilivyoandikwa kwenye pakiti ya dawa. Mteja akiuliza, mpe kadi aisome mwenyewe. "Alitibiwa, siku za kusubiri zimekwisha" ni jibu linalouza kuliko jani la kuchora.

Nyama ichinjwe kwa oda, kwa siku moja maalumu ya wiki, ili safari ya kupeleka iwe moja. Hapo hesabu inarudi nyuma. Mimba ni siku 31 hivi, na ukuaji hadi kuchinjwa ni wiki 14 au zaidi kidogo kutegemea aina na lishe, kwa hiyo jike apandishwe kama wiki 19 kabla ya siku ya kuuza. Ukipandisha ovyo utabaki na sungura waliokomaa wanaokula bila kuongezeka uzito wa maana; chakula hicho ni hasara kwako na kwa mazingira pia.

Sungura wa kilo 2.4 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 1.2 hadi 1.3. Ipoze kwanza kwenye nyuzi 0 hadi 4, ndipo uifungashe. Ikifungwa ingali na joto hutoa jasho ndani, na siku ya pili inanuka. Karatasi tupu hulowa na kuchanika njiani, kwa hiyo tumia makopo magumu ya chakula yenye mfuniko, kwa amana ambayo mteja anarudishiwa akileta kopo. Amana iwe inauma kidogo. Ikiwa ndogo mno makopo hayarudi. Yakirudi, yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha yakauke yakiwa wazi. Kopo lililofunikwa bichi huvunda, na harufu hiyo huingia kwenye oda inayofuata.