RAM Kiasi Gani Inatosha kwa Prosesa Yako? Pima Kwanza Ndipo Ununue

"Fundi, hii ni i5, niweke RAM ngapi?" Swali hili naulizwa karibu kila siku, na jina la prosesa peke yake halitoi jibu. Kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi zilizofunguliwa, kinaamuliwa na kazi unazofanya. Prosesa inakuwekea mipaka tu: mwisho wa RAM inayoweza kubeba, aina yake, na jinsi ya kuipanga. Mfano wetu hapa ni HP EliteBook 840 G3 yenye Core i5-6300U, laptop ambayo wauzaji wa mashine zilizotumika wanazo nyingi.

Hatua ya 1: Pima ukiwa kazini

Usipime kompyuta ikiwa ndiyo kwanza imewaka. Fungua kila unachofungua siku ya kazi: brauza na kurasa zake zote, Excel, WhatsApp, na Zoom kama unaitumia. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, uangalie CPU, Memory na Disk kwa dakika kadhaa huku ukiendelea na kazi.

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapookolewa, kwa hiyo usiharakishe. Memory ikiwa juu ya asilimia 90, diski haitulii, na CPU iko chini, basi RAM imekwisha na Windows inahamishia data kwenye diski, ongeza RAM. CPU ikigonga 100 huku Memory iko nusu, RAM mpya haitakusaidia chochote, prosesa ndiyo imechoka. Na kama CPU na Memory zote ziko chini lakini diski iko 100 muda wote, mara nyingi ni ile diski ya zamani inayozunguka. Weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwanza.

Memory ikisoma 60 au 70 usiogope. Tazama pia mstari wa Cached: hiyo ni RAM ambayo Windows imeitumia kuhifadhi vitu ulivyotumia karibuni, na inaiachia mara tu programu inapoihitaji.

Hatua ya 2: Jua mipaka

Tafuta namba kamili ya prosesa kwenye tovuti ya Intel au AMD. i5-6300U inabeba hadi GB 32 kwa chaneli mbili (njia mbili za data kati ya prosesa na RAM), na kwenye EliteBook hii inatumia RAM ya aina ya DDR4 ya kasi ya 2133. Celeron N4020 mwisho wake rasmi ni GB 8, na laptop nyingi zenye prosesa hiyo RAM imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza.

Ingia pia Settings, System, About. Ukikuta Windows ni ya biti 32 ilhali prosesa ni x64 (ya biti 64), hata ukifunga GB 16 utatumia chini ya GB 4. Dawa yake ni kupiga Windows ya biti 64.

Kuna jambo jingine la kupima kabla ya kutoa hela. Prosesa hii ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kujaza GB 32 kwenye mashine ya namna hii sikushauri, isipokuwa unahamia Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) na kazi yako kweli inazihitaji.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kori

Kori ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa barua, Excel na intaneti, idadi yake haibadilishi hesabu: GB 8 zinatosha, 16 ni raha. Mambo hubadilika kazi inapogawanywa kwenye kori, kama kukompaili programu kubwa (kugeuza msimbo wake uwe programu inayoendeshwa) au kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), kwa sababu kila kori inabeba mzigo wake na kila mzigo unataka kumbukumbu. Watoa huduma za seva wanauza kwa uwiano huo huo. Amazon, kwa mfano, kwa kila kori pepe moja hutoa GB 2 kwenye mashine za c5 zilizokusudiwa hesabu nzito, GB 4 kwenye m5 za kazi mchanganyiko, na GB 8 kwenye r5 za kanzidata.

i5-6300U ina kori 2 zinazoendesha nyuzi 4, yaani mikondo 4 ya kazi kwa pamoja, na kila uzi ni sawa na kori pepe moja ya hizo. Ukichukua GB 4 kwa kila uzi unapata 16, na kwa prosesa hii hapo ndipo ninapoishia.

Hatua ya 4: Tumia chaneli zote mbili

Chini ya Memory soma Slots used. Ikiwa ni 1 of 2, prosesa inatumia njia moja tu. DDR4 ya 2133 hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde kwenye chaneli moja, na mara mbili yake kwenye chaneli mbili. Grafiki za HD 520 zilizomo ndani ya prosesa hii hazina kumbukumbu yake, zinakopa kwenye RAM, ndiyo maana video na michezo hufaidika zaidi. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16.

Hatua ya 5: Funga na ujaribu

Kipande cha laptop cha DDR3 kina pini 204, cha DDR4 kina 260, na mkato wa ukingoni hauko sehemu moja. Kikigoma kuingia, usilazimishe. Kipande cha 2666 au 3200 kitafanya kazi, ila kitashuka hadi 2133.

Zima mashine, chomoa chaji, fungua kava la chini, chomoa waya wa betri. Ingiza kipande kikiwa kimeinama, kisha kikandamize hadi vishikizo vya pembeni vilie "klik". Mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda. Kikizidi, jaribu kipande kimoja kimoja.

Ikiwaka, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia uache ikague RAM. Ikitoa hitilafu, rudisha kipande dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti.