Matairi ya gari dogo: soma ubavu kabla ya kuuliza bei

Wiki hii nimemsaidia shemeji yangu kubadilisha matairi ya IST aliyoagiza Japani. Gari lilishuka bandarini Dar na matairi yenye kashata (meno ya tairi) nene, akaona amebahatika. Ubavuni yameandikwa STUDLESS: ni ya theluji. Mpira wake ni laini, kwenye lami ya moto unalika upesi na breki haishiki vizuri. Mengi huwa na herufi Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, na mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. M+S (tope na theluji) peke yake isikutishe, hata A/T, yale ya njia mchanganyiko, huwa nayo.

1. Saizi. Fungua mlango wa dereva, soma stika, nunua hiyo hiyo.

2. Uzito. Kwenye 175/65R14 82T, 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, T ni kilomita 190 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyopangiwa gari lako. Mwenye Hiace au Probox ya mizigo atafute yenye C au LT, alama za matairi ya mizigo. Muuzaji atakwambia ya gari dogo yanaingia. Kuingia yataingia, shida ni siku ukipakia.

3. Njia zako. Lami tupu: tairi la kawaida au H/T (la barabara kuu), lenye mifereji mirefu ya kutoa maji, hasa kama wewe ni mtu wa kukimbiza gari safari za Morogoro wakati wa masika. Nusu vumbi na changarawe: A/T. M/T (ya matope) waachie wanaolala porini. Mjini ni kelele na mafuta.

4. Umri. Hapa usiwe na haraka. Tafuta neno DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tatizo, mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu. Ukiona DOT na herufi bila tarakimu hizo, usikubali kuambiwa "hili halina tarehe", ligeuze. Kama limeshafungwa, kata usukani mpaka mwisho usome upande wa ndani wa matairi ya mbele. Ya nyuma ingiza simu chini na flashi, upige picha. Soma yote, pamoja na spea, kwa sababu seti ya mtumba huchanganywa miaka. Tarakimu zikiwa tatu, ni la kabla ya 2000, ondoka.

Mimi la zaidi ya miaka 6 sinunui, hata liwe na kashata za trekta. Ndiyo maana napendelea jipya la kampuni isiyojulikana sana kuliko mtumba wa jina kubwa. Tairi linalong'aa kwa dawa nyeusi, lifute, kisha kunja kidogo uangalie nyufa kwenye mashina ya kashata. Halafu tafuta alama za TWI, vile vituta vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha milimita 1.6. Mifereji ikiwa na kina lakini vituta vimekatwa, hilo ni kipara kilichochongwa upya kwa kisu cha moto. Mwisho pitisha mkono ndani: kiraka cha ubavuni, liache.

5. Kufunga. Ukinunua mawili, yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na miguu ya mbele. Fundi atabisha. Mwambie gari likiteleza nyuma kwenye maji, dereva wa kawaida halirudishi. Balansi ni lazima, valvu mpya pia. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) kama ya zamani yalilika upande mmoja.

6. Upepo. Fuata stika, siyo MAX (kikomo cha tairi) ya ubavuni. Gari la Kijapani huandika kPa: 220 ni kama PSI 32. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa geji yako mwenyewe. Za sheli siziamini. Ukishatembea kilomita 50 hivi, kaza nati tena.