Pesa za Inua Jamii: pima kama zimepunguza umaskini nyumbani

Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, hulipa mzee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi. Usiishie hapo, gawanya kwa vichwa. Nyumba ya watu watano kule Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi, hupata 400 kila mmoja, kama shilingi 13 kwa siku. Hata nusu kilo ya unga haifiki.

Kisha andika tarehe pesa ilipoingia. Ikichelewa, ya miezi miwili huja pamoja, 4,000, na katikati familia imekula kwa mkopo. Hapa ndipo hesabu huharibika: toa deni la duka kwanza, ndipo uulize kilichobaki kimenunua nini. Chakula cha jioni kipo? Kodi imelipwa? Usimhoji mzee mbele ya mwenye duka, atalificha deni.