Jinsi ya kuangalia Strictly Jumamosi usiku na kutoa maoni yenye uzito

Ikishafika Septemba mpaka Disemba, Jumamosi usiku kwetu hapa Uingereza hatoki mtu, tunakaa BBC One tunaangalia Strictly Come Dancing, yale mashindano ambayo watu maarufu wanacheza na wachezaji dansi wa kulipwa na kila wiki kapo (yaani wawili wanaocheza pamoja) inatolewa, na ubishi unaanza hata dansi ya kwanza haijaisha. Shida ni kwamba wengi maoni yetu ni "huyu kanifurahisha" na "yule simpendi", halafu Jumapili mtu wetu akitoka tunasema kaonewa. Mi hiki kipindi nakipenda sana na naamini mtazamaji akijua anachoangalia anaweza kubishana na jaji yeyote, kwa hiyo fanya hivi.

Shika karatasi na kalamu. Dansi ikiisha andika maksi zako, moja mpaka kumi, KABLA majaji hawajafungua mdomo. Majaji ni wanne, jumla ni 40, na ukisubiri jaji Craig Revel Horwood (yupo tangu kipindi kianze 2004) ainue kibao chake basi utaanza kubishana naye tu na ulichokiona mwenyewe kimeshayeyuka.

Halafu angalia miguu jamani. Tunaangalia sura, nguo, machozi, miguu tunaisahau. Waltz, foxtrot, quickstep na tango, mtu akienda mbele mara nyingi kisigino ndo kinatangulia, ukiona kwenye foxtrot kisigino hakitangulii kabisa hilo ni kosa, liandike. Za Kilatini kama cha-cha na rumba anatanguliza sehemu ya mbele ya wayo na nyonga zinafanya kazi. Waltz inapanda na kushuka kama mawimbi, tango hapana, kichwa kinabaki usawa ule ule mwanzo mwisho. Kama unaweza rudisha nyuma sekunde kumi uangalie sehemu ya chini ya skrini tu, utashangaa. Na sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tuache kulalamika kwamba "hiyo siyo rumba", rumba yao sio ile ya Franco, ni ya polepole na hatua wanaanzia kwenye mdundo wa pili, ipimwe kwa sheria zake.

Sasa hapa ndo penyewe, hesabu ya kura. Tuseme zimebaki kapo kumi na maksi hazijafungana. Aliyeongoza kwa majaji anapata pointi 10, wa pili 9, mpaka wa mwisho 1. Kura zetu nazo zinapangwa hivyo hivyo halafu zinajumlishwa, na wakilingana nafasi ya kura zetu ndo inaamua. Maana yake ukimzidi mwenzako anayekufuata kwa kura moja au kwa kura laki moja, tofauti ni pointi moja tu! Kwa hiyo anayependwa na kila mtu kura yako haimwongezei kitu, mpe yule wa katikati ambaye kila mtu anadhani yuko salama, maana huyo ndo anaangukaga kwenye wawili wa mwisho, na wakishafika pale wanacheza tena na majaji ndo wanaokoa mmoja. Nusu fainali ya 2008 walibaki watatu, Lisa Snowdon na Rachel Stevens wakafungana maksi wakapata pointi 3 kila mmoja, Tom Chambers akapata 1. Ukipiga hesabu, hata Tom angeongoza kura zetu asingeepuka wawili wa mwisho, watu walikuwa wanapiga kura zisizosaidia kitu. Ikabidi wote watatu waende fainali, na huyo huyo Tom akashinda.

Ukija kuandika maoni yako, taja ulichokiona. "Alikuwa boring" haimsaidii mtu, "bega la kushoto lilipanda kila akigeuka" watu watalijadili. Mwili wa mtu, umri, uzito, viweke pembeni kabisa, hawa watu wanasoma na wana watoto wanaosoma.

Na kama kitu kimekugusa sema, usione aibu. 2021 Rose Ayling-Ellis, mshiriki wa kwanza kiziwi, alikuwa anacheza na mchezaji wa kulipwa Giovanni Pernice, katikati ya dansi muziki ukazimwa kabisa na wao wakaendelea kwenye ule ukimya, mikono na hatua sawasawa, halafu muziki ukarudi wakiwa bado pamoja nao. Shangazi yangu sikio moja halisikii, alikuwa ameshika kikombe cha chai hajanywa, akaniambia "mi hivyo ndo nawaona siku zote". Yale ni maoni bora niliyowahi kusikia kuhusu kipindi hiki na hayana hata maksi ndani yake. Rose akachukua kombe.

Mwisho piga kura kwanza, ubishi baadaye, dirisha ni fupi. Mtandaoni ni bure, unahitaji akaunti ya BBC na unapata kura tatu, kwa hiyo fungua akaunti mapema, usianze kutafuta nywila wakati muda unakwisha. Jumapili shika simu kwa tahadhari, matokeo yanarekodiwa Jumamosi ile ile usiku na huwa yanavuja. Fainali ndo tofauti, maksi za majaji ni za kuelekeza tu, anayeamua ni sisi, hapo zote tatu mpe yule unayemtaka kweli.