Somo: Maziwa ya kopo namba 1 au namba 2 kwa mtoto aliyeanza kula

Ndugu wanachama, katika kliniki ya mama na mtoto ninayofanyia kazi hapa Mtwara hakuna wiki inayopita bila mzazi kuniuliza kama mtoto aliyetimiza miezi sita ni lazima ahamishiwe maziwa ya kopo namba 2, yaani maziwa ya unga ya watoto wa kuanzia miezi sita, badala ya namba 1 ya tangu kuzaliwa. Si lazima. Mtoto anayetumia namba 1 anaweza kuendelea nayo mpaka atimize mwaka mmoja, na hatapungukiwa na kitu chochote ambacho chakula kizuri cha nyumbani hakiwezi kumpa. Naandika kwa urefu kwa sababu nimeona familia zikijinyima ili kununua namba 2, huku mtoto mwenyewe akilishwa uji mweupe wa muhogo asubuhi, mchana na jioni.

Somo hili linamhusu mtoto ambaye tayari anatumia maziwa ya kopo: aliyefiwa na mama, ambaye maziwa ya mama yake yalikatika, au ambaye mama yake hawezi kuwa naye kutwa nzima. Mtoto anayenyonya vizuri hahitaji kopo la namba yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila chakula cha nyongeza mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Mama ambaye maziwa yake yamepungua na bado anatamani kunyonyesha aje kliniki kwanza kabla ya kwenda dukani, kwa maana mara nyingi maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara kwa mara na kushika titi sawasawa.

Hatua ya kwanza: hesabu umri kwa kadi ya kliniki

Usikadirie kwa macho. Mtoto wa miezi minne mwenye mwili mkubwa bado ni mtoto wa miezi minne, na figo zake ni za umri huo. Namba 2 haikutengenezwa kuwa chakula pekee cha mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu mchanganyiko wake umepangwa kwa mtoto ambaye tayari anakula vyakula vingine. Kama mtoto alizaliwa njiti, muulize mhudumu wa kliniki namna ya kuhesabu umri wake.

Hatua ya pili: soma kopo, usisome picha yake

Namba 1 ni ya tangu kuzaliwa, namba 2 ni ya kuanzia miezi sita, na namba 3 ni ya kuanzia mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba makopo ya kampuni moja hufanana rangi na michoro, na namba yenyewe huweza kuandikwa pembeni, kwa hiyo anayetumwa dukani atumwe na kopo tupu mkononi. Tena kwenye rafu hiyohiyo huwekwa maziwa ya unga ya kawaida ya familia, pamoja na yale maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Hayo yote mawili si maziwa ya mtoto mchanga, hata kama muuzaji atakuambia kwamba watoto wengi wa mtaani wanayatumia. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kama kopo limebonyea, na kama karatasi ya ndani inayoziba mdomo haijachanwa.

Hatua ya tatu: fahamu tofauti iliyopo kati ya namba 1 na namba 2

Tofauti kubwa anayotajiwa mzazi ni madini ya chuma, ambayo kwa kawaida huwa mengi zaidi katika namba 2. Ni kweli kwamba akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huelekea kwisha akikaribia miezi sita, na kwamba upungufu wa damu ni ugonjwa ninaouona kwa macho yangu kila siku ninapofunua kope za watoto. Lakini namba 1 nayo imeongezwa chuma, na pengo linalobaki linapaswa kuzibwa na chakula, kwa sababu huo ndio umri ambao mtoto anatakiwa kujifunza kula.

Inafaa pia kujua historia ya namba 2. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti utangazaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Mwaka 1986, wakati maziwa ya kuanzia miezi sita yalipokuwa yakienea, mkutano huohuo ulitamka kwamba maziwa ya aina hiyo si ya lazima. Miaka imepita na namba zimeongezeka kwenye makopo, lakini msimamo huo haujabadilika.

Kama umeshanunua namba 2 na mtoto amevuka miezi sita, usiitupe. Haina madhara kwa umri huo. Mpe mpaka iishe, na usichanganye unga wa namba mbili tofauti katika kikombe kimoja. Choo kinaweza kubadilika rangi kwa siku chache na kuwa cha kijani au cheusi kidogo kwa sababu ya chuma, na hilo peke yake lisikutie hofu.

Hatua ya nne: piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kununua kopo la kwanza

Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita tatu za maziwa yaliyochanganywa sawasawa. Mtoto wa miezi saba anayekunywa kama mililita 600 kwa siku atalimaliza kwa siku tano hivi, maana yake ni makopo sita kwa mwezi. Nawasihi wazazi wafanye hesabu hii mapema, hasa wale wanaotegemea fedha za korosho, kwa sababu wengi hununua kwa urahisi wakati wa mauzo kisha ifikapo Machi au Aprili wanaanza kuzimua. Kijiko kimoja kinawekwa penye maji ya viwili. Mtoto anashiba maji, halii, na uzito wake unashuka taratibu mpaka mstari kwenye kadi unainama.

Ukiona fedha haitoshi, njoo useme. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unaruhusu mtoto asiyenyonya wa miezi 6 hadi 11 kupewa ama maziwa ya kopo ama maziwa ya wanyama. Kwa kuwa maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi yana chuma kidogo sana, mimi hupendelea kopo namba 1 pale linapopatikana, lakini maziwa halisi yaliyochemshwa, yakiambatana na chakula chenye chuma, ni bora mno kuliko maziwa ya kopo yaliyozimuliwa.

Hatua ya tano: fedha ya namba 2 ipeleke jikoni

Hapa kwetu muhogo ndio unaobeba nyumba nyingi, na uji wa makopa, yaani muhogo mkavu, peke yake hujaza tumbo bila kujenga damu. Ongeza kitu katika kila bakuli. Dagaa wakavu wachambuliwe, waoshwe mchanga wote, wakaushwe tena na kusagwa mpaka wawe unga laini. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo katika uji hakimsumbui mtoto kwa ladha. Mbaazi na choroko zipikwe mpaka zilainike, zipondwe na kuchujwa maganda. Maini ya kuku au ya ng'ombe, kipande kidogo kilichoiva kabisa na kupondwa, mara moja kwa wiki. Yai lililoiva. Samaki aliyetolewa miiba kwa vidole, si kwa macho. Korosho, karanga na ufuta visagwe laini kabisa, kwa maana punje nzima au nusu inaweza kumpalia mtoto. Anza na kiasi kidogo na umtazame kama anatoka vipele au kuvimba midomo.

Embe, papai au chungwa likiliwa pamoja na mlo wa mbaazi au majani husaidia mwili kufyonza chuma, ilhali chai ya rangi huzuia. Chai asipewe kabisa, hata ile ya kuchovya mkate. Asali isubiri mpaka mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga.

Mtoto asiyenyonya alishwe mara nne mpaka tano kwa siku. Kadiri chakula kinavyoongezeka ndivyo maziwa yanavyopungua, na kufikia miezi kumi mililita 400 hivi kwa siku zinaweza kumtosha.

Hatua ya sita: maji na kipimo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko namba yoyote ya kopo. Unga wa maziwa haujaondolewa vijidudu vyote kiwandani, kwa hiyo maji ya moto yana kazi ya kuua vilivyobaki, na si kuyeyusha unga tu. Chemsha maji mpaka yatokote, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yasishuke chini ya nyuzi joto 70, kisha pima maji kwanza na unga baadaye. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kwa sababu vijiko vya kampuni mbalimbali havilingani. Kisawazishe kwa kisu safi, usikishindilie wala kukiacha na kichuguu. Kwa makopo mengi kijiko kimoja huenda na mililita 30 za maji, lakini fuata maandishi ya kopo lako. Chovya kikombe kwenye beseni la maji baridi mpaka maziwa yawe vuguvugu, na udondoshee kidogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa. Yaliyobaki baada ya saa mbili yamwagwe.

Wanaoishi Newala na Tandahimba, ambako wengi hutegemea maji ya mvua yaliyovunwa, wayachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuyachemsha. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike kwa maziwa ya mtoto. Kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huizidisha.

Mwisho, acheni chupa ya kunyonyea. Chuchu yake husafishika kwa shida sana. Mtoto wa miezi sita anaweza kunywa kwa kikombe cha wazi, akiwa amekalishwa wima na kikombe kikigusa mdomo wa chini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nanyamba: Shikamoo sista. Mwanangu ana miezi mitano na duka letu lina namba 2 tu. Je, nikiongeza maji kidogo itakuwa sawa na namba 1?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana. Maji hayabadilishi namba 2 kuwa namba 1. Yanapunguza nguvu yake tu na kumwongezea mtoto maji asiyoyahitaji. Tafuta namba 1 ya kampuni nyingine yoyote, kwa kuwa kubadilisha kampuni hakuna shida. Agizia Mtwara mjini makopo mawili kwa pamoja ili usiishiwe tena, na kama bado una maziwa, mnyonyeshe mara nyingi zaidi wakati unasubiri.

Mwanachama wa Lindi mjini: Mama mkwe anasema namba 2 ni nzito, humfanya mtoto alale usiku kucha, na kama haipo nimchanganyie unga wa uji kwenye chupa. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Mwambie kliniki imeshauri hivi: mtoto kuamka usiku katika umri huu ni kawaida, na namba 2 haijathibitika kumlaza. Unga wa uji ndani ya chupa unaweza kumpalia, na unaharibu kipimo cha maziwa. Uji apewe kwa bakuli na kijiko, uwe mzito kiasi cha kutomwagika haraka kijiko kikiinamishwa. Mama mkwe mwombe awe ndiye anayemlisha uji wa jioni, kwa sababu bibi huwa na subira ya kulisha ambayo sisi wengine hatuna.

Mwanachama wa Masasi: Nimepata ujauzito na mtoto ana miezi saba. Majirani wananiambia nimwachishe ziwa leo hii nisije nikambemenda, yaani nikamdhoofisha kwa maziwa ya ujauzito, nimnunulie namba 2.

Jibu: Mdogo wangu, maziwa yako hayageuki kuwa sumu kwa sababu ya ujauzito. Mtoto anayedhoofu wakati huo mara nyingi hudhoofu kwa sababu ameachishwa ghafla na hakupewa chakula cha kutosha. Kwa kawaida unaweza kuendelea kumnyonyesha. Kama unatokwa damu, unaumwa tumbo la chini au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, onana na daktari kwanza. Wewe mwenyewe ongeza mlo, na uanze kliniki ya wajawazito mapema.

Mwanachama ambaye hakutaja alipo: Natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nilidhani lazima nimwachishe akifika miezi sita na kumpa kopo.

Jibu: Si lazima. Mama anayemeza dawa zake kila siku bila kuruka anashauriwa kuendelea kunyonyesha, pamoja na chakula cha nyongeza, mpaka angalau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili. Usimwachishe kabla ya kuzungumza na mhudumu wako, na usikose tarehe za mtoto kupimwa.

Mwanachama wa Kilwa: Sista, kijana wangu ametimiza mwaka. Nitafute namba 3?

Jibu: Hapana, baba. Kuanzia mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yasiyotolewa mafuta, yaliyochemshwa, yanamfaa, na mtindi usio na sukari pia. Mwongozo wa mwaka 2023 niliotaja hapo juu haupendekezi kabisa maziwa ya kopo ya kuendelezea, kama hiyo namba 3, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Vikombe viwili vidogo kwa siku vinamtosha, naye ale chakula kilekile mnachokula ninyi, kikiwa kimelainishwa na kutengwa kabla hamjaongeza pilipili.