SOMO: Namna ya kumpata bundi wa Pemba na wenzake katika Msitu wa Ngezi

Assalaam alaykum jamaa.

Kila likizo ikikaribia napata ujumbe uleule: "Tunakuja Pemba, yule bundi wa Ngezi tunampataje?" Nimechoka kuandika jibu moja kila siku, basi naliweka hapa lote. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

Kwa asiyejua, Pemba ina ndege wanne ambao hawapatikani pengine popote duniani: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba (aina ya njiwa), chozi wa Pemba (kidege mnyonya maua), na kile kidege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Watatu ni wa mchana, na ukitulia utawaona. Bundi ndiye mwenye kazi, na maneno mengi ya somo hili ni yake.

1. Msimu. Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Miezi mingine yote njoo.

2. Kufika. Panda gari ya Konde kutoka mjini Chake Chake au Wete. Konde chukua bodaboda hadi geti la msitu, njia hiyohiyo inayokwenda Makangale na Vumawimbi.

3. Mtembezaji. Wapo pale getini, wafanyakazi wa msitu wenyewe. Kiingilio unalipa hapohapo, dai risiti. Ikiwa unataka kuingia usiku, mwambie mapema, mchana ule au siku moja kabla, kwa sababu naye ana watu wake nyumbani na anahitaji kujipanga. Mpangie na dereva wa kukurudisha. Usiku hupati gari pale.

4. Vya kubeba. Viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu, soksi za kuchomekea suruali kwa ajili ya siafu, dawa ya mbu, maji, darubini, kurunzi yenye betri mpya. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Fulana nyeupe inaonekana mbali sana ndani ya msitu.

5. Ndege wa mchana. Anza mapema, baada tu ya sala ya alfajiri. Chozi wa Pemba wala huhitaji msitu kumwona. Yumo kwenye bustani za watu na mashamba, dume wake kijani kinachometa na kifua cha zambarau, anapita ua kwa ua. Kidege cha manjano nacho hutembea kwa makundi madogo kikipekua majani. Ninga ana kichwa na kifua cha kijivu, na mgongo wa kijani unaopotea kabisa kwenye majani. Siri yake ni matunda. Tafuta mkuyu uliozaa, simama chini, sikiliza matunda yanavyodondoka. Mahali yanapodondokea, juu yake yuko ninga.

6. Bundi. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Huyu ni bundi mdogo, urefu wake haufiki sentimita 20 au ndiyo kwanza unafika, rangi ya kutu, macho ya manjano. Mchana amejificha kwenye majani yaliyoshonana na hutampata hata ukipita chini yake. Anaanza kuita jua likishazama. Sali magharibi getini, kisha ingieni na mtembezaji, mwendo wa taratibu, bila mazungumzo. Simu zizimwe sauti na mwanga pia. Mkifika pahala atakaposema, simameni mzime kurunzi zote.

Halafu mngoje. Namaanisha kungoja kweli. Dakika za mwanzo utasikia mbu na moyo wako tu. Kisha masikio yanafunguka: chura upande huu, jani linaanguka, tunda linapiga ardhi. Na katikati ya hayo, sauti moja nzito na fupi: *hu*. Kimya. *Hu*. Wakati mwingine anazifuatanisha nne, tano, sita, kisha ananyamaza tena. Usinyanyue kurunzi unaposikia ya kwanza! Acha aite, geuza kichwa kulia na kushoto mpaka ujue kwa hakika ametokea wapi. Mtembezaji atakushika mkono akuelekeze. Yeye ndiye atakayewasha, na atawasha pembeni ya ndege, hatampiga nayo usoni. Macho ya bundi yameumbwa kwa giza, mwanga mkali unampofusha, na ndege aliyepofuka usiku anagonga matawi na hawezi kuwinda. Ukiwa na kurunzi yako, ifunge kitambaa chekundu. Mtazame kidogo, zimeni, ondokeni.

Onyo kubwa: Usimchezee sauti ya bundi kutoka kwenye simu. Anadhani bundi mwingine ameingia kwenye eneo lake, anaacha kuwinda, anaacha kiota, anakuja kupigana na kitu kisichokuwepo. Leo wewe, kesho kundi jingine. Ndege huyu hana kisiwa cha pili cha kukimbilia.

Karibuni maswali.

---

Mtoto wa Wete: Kiingilio bei gani? Na kuna gari ya kurudi usiku?

Jibu: Bei inabadilika, utaambiwa getini. La gari lipo hatua ya 3.

Kipanga75: Mimi nakuja na familia saa nne asubuhi, tunaondoka saa saba. Bundi tutamwona?

Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 6.

Bi Mwanakhamisi: Mwanangu, sisi tumekuzwa tukiambiwa bundi ni uchuro, akilia juu ya nyumba kuna msiba. Sasa watu wanalipa kwenda kumfuata?

Jibu: Shikamoo bibi. Nami nimeambiwa hivyohivyo utotoni. Lakini huyu chakula chake kikubwa ni wadudu, na hata kwenye mashamba ya karafuu yumo. Huenda amekuwa akiita nyuma ya nyumba zetu tangu mababu. Mwenyezi Mungu amemweka Pemba peke yake, sijaona bora tumfukuze kwa mawe. Ukisikia *hu* moja moja usiku, ndiye huyo. Mwache aendelee na kazi yake.

Bi Mwanakhamisi: Marahaba. Basi huyo nyuma ya kwetu yupo, naye nimemsikia sana.

Safari_Tele: Umezidisha bwana. Sauti ya simu nikicheza mara moja tu ina madhara gani? Nchi za watu wanafanya.

Jibu: Wewe mara moja, na wa jana mara moja, na wa kesho mara moja. Bundi ni yuleyule. Wanayofanya wengine huko kwao sikuulizwa. Ukifika Ngezi fuata maneno ya mtembezaji.

Nuru M.: Ahsante kwa somo. Nililala Makangale, usiku nikasikia kilio kirefu kinapanda, kama kitu kinakwaruzwa, kisha kingine kama mtoto analia. Ni bundi wa aina nyingine?

Jibu: Swali zuri sana hili. Cha kukwaruza kinachopanda ni perere, mnyama mdogo mwenye manyoya anayeishi mitini, kelele zake zinazidi mwili wake mara nyingi. Cha mtoto ni komba. Komba ukimpitishia mwanga kwa mbali utaona macho mawili yanawaka, yanaruka tawi hadi tawi. Bundi wa Pemba hapigi kelele ndefu hata siku moja. Nikupe na zoezi: kabla ya kuingia msituni kaa uani kwenu usiku, kurunzi imezimwa, hesabu ni sauti za viumbe vingapi unaweza kuzitenganisha. Ukizoea, Ngezi utafaidi mara mbili. Na ukipita mchana muulize mtembezaji akuonyeshe mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba, nao kwa asili ni wetu peke yetu.

Nuru M.: Nitafanya inshaallah. Huyu bundi aligunduliwa lini?

Jibu: Wenyeji walikuwa wakimjua. Kwenye vitabu vya kisayansi aliingizwa mwaka 1937 na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Yeye huyohuyo mwaka 1940 akamwingiza ninga.

Tanga Raha: Ngezi ni msitu wa mawingu kama Amani kwetu?

Jibu: Hapana kaka. Msitu wa mawingu unataka mlima wa kuinasa hewa ya bahari mpaka ipoe na unyevu wake uwe ukungu. Pemba nzima kilima chake kirefu hakifiki mita 100. Ngezi unaishi kwa mvua na maji ya chini. Amani ipo Usambara Mashariki, ukungu unalala juu ya miti, na ndege ni wengine kabisa: kuna chozi wa Amani na bundi mkubwa wa Usambara. Mwenye nafasi aunganishe safari zote mbili, ila huko abebe sweta.

Msuka Mjini: Nyongeza yangu: wanaokuja Pemba wapite na Kidike, si mbali na Chake, wakawaone popo wa Pemba. Wananing'inia mchana kweupe.

Jibu: Kweli kabisa. Na pale pia msipige makofi kuwarusha ili mpate picha. Jioni wataruka wenyewe.